Helmeti Iliyotoka Kabla ya Pigo: Uchambuzi wa Kisa cha Mpanda Miti Mtaani Kileleshwa

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika kiwanja cha nyumba ya zamani mtaani Kileleshwa, Nairobi, mwishoni mwa Septemba, majira ambayo wenye nyumba wengi huita wakata miti ili matawi yapunguzwe kabla ya mvua za vuli. Mti ulikuwa mjakaranda mkongwe. Tawi lake moja kubwa lilikuwa limetanda juu ya paa la mabati la nyumba ya wafanyakazi, na upande wa barabara matawi mengine yalikuwa yameanza kuelekea kwenye nyaya za umeme za volti 11,000. Kikosi kilikuwa na watu wanne: mpandaji, vijana wawili wa kushika kamba chini, na msimamizi, mzee ambaye ameifanya kazi hii tangu enzi ya shoka na msumeno wa mkono. Mwenye kikosi aliniomba niutazame mkasa huu kwa kuwa mimi hufundisha usalama wa kazi za juu, na wahusika wote walikubali kisa kiandikwe mradi majina yasitajwe.

Mpandaji alikuwa amejifunga vizuri. Ninalisema hili mapema kwa sababu mazungumzo mengi baada ya ajali yalielekea kwenye hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani inayombeba mpandaji, na kamba zake, ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kamba kuu ilipita kwenye panda imara juu ya kichwa chake, na kamba fupi ya pili ilikuwa imelizunguka shina wakati akikata. Kipande alichokuwa akikikata kilikuwa na urefu wa takriban mita tatu na uzito tuliokadiria kuwa kilo 30, nacho kilikuwa kimefungwa kamba ya kuteremshia, iliyopitishwa kwenye kapi lililofungwa karibu na shina ili kipande kishuke polepole bila kuvunja mabati. Msumeno ulipomaliza kukata, ncha ya kipande ilidondoka, kamba ikakazika ghafla, na kitako cha kipande kikabembea kuelekea kwenye shina, yaani kumwelekea mpandaji mwenyewe. Kilimpiga juu ya sikio la kushoto. Alizimia kwa muda mfupi akiwa ananing'inia kwenye hanesi, na ilimchukua msimamizi karibu nusu saa kumfikia kwa ngazi na kumshusha, maana hapakuwa na mpandaji wa pili wala kamba iliyotayarishwa kwa ajili ya uokoaji. Hospitalini hakukuonekana ufa wa fuvu. Alishonwa jeraha, akaambiwa kwamba ubongo ulikuwa umetikisika, akapewa mapumziko.

Kila niliyemuuliza alianza na sentensi ileile: alikuwa amevaa helmeti. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli saa mbili asubuhi alipoanza kupanda, na ilikuwa ya kweli dakika moja kabla ya ajali. Haikuwa ya kweli pigo lilipofika. Kijana mmojawapo wa kamba alieleza kwamba alisikia kitu kikigonga mabati kabla ya kusikia mpandaji akilia, na helmeti yenyewe ilithibitisha maelezo yake. Gamba lake halikuwa na ufa wala kovu upande wa kushoto, mahali ambapo kitako cha tawi kingeliacha alama. Alama mpya ilikuwa moja tu, mkwaruzo wa nyuzi za kamba chini ya ukingo wa mbele. Kamba ya kuteremshia ilikuwa imelegea pembeni mwa uso wake wakati akikata, na ilipokazika iliuinua ukingo na kuing'oa helmeti kichwani. Sehemu ya sekunde baadaye tawi likafika kwenye kichwa kitupu.

Kwa hiyo swali la kisa hiki ni jembamba kuliko lile ambalo watu hupenda kuuliza. Si kama mpandaji alikuwa na helmeti, wala kama helmeti ilikuwa ngumu vya kutosha. Tunauliza kwa nini iliondoka kwa mguso mwepesi wa kamba, na kwa nini hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu kabla ya siku hiyo.

Ilikuwa kofia ngumu ya ujenzi ya rangi ya manjano, ya aina inayouzwa karibu katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia River Road hadi Industrial Area. Ndani yake palikuwa na chapa EN 397, ambayo ni kiwango cha Ulaya cha helmeti za viwandani, pamoja na ile saa ndogo iliyochapwa kwenye plastiki, yenye mshale unaoonyesha mwezi wa kutengenezwa na mwaka katikati. Haikuwa bandia kwa kadiri nilivyoweza kuona. Matundu ya kushikizia mkanda wa kidevu yalikuwepo, manne, lakini mkanda wenyewe haukuwepo na haukuwahi kuwepo. Mkanda wa ndani unaozunguka kichwa ulikuwa umewekwa kwenye ukubwa wa juu kabisa, kwa sababu mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa baridi, mpandaji aliivaa juu ya kofia ya sufu, na joto liliporudi aliivua ile ya sufu bila kukaza kilichobaki. Juu ya gamba jina la kikosi lilikuwa limepakwa kwa rangi ya mafuta.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakuna kilichokiukwa katika kuiuza kofia ile bila mkanda. Kiwango cha EN 397, katika toleo la 2012 lililochapwa kwenye kofia nyingi zilizomo madukani, kinadai ama mkanda wa kidevu uwepo au pawepo mahali pa kuufungia. Matundu matupu yanatosha. Na hata mkanda ukiwepo, kiwango hicho kinataka mahali unaposhikiliwa paachie mvuto unapofika kati ya niutoni 150 na 250, sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 15 hadi 25. Wabunifu wake hawakuwa wazembe. Walimfikiria mtu anayetembea kiwandani au kwenye jengo linaloinuliwa, ambaye hatari yake kuu ni kitu kinachodondoka kutoka juu, na ambaye helmeti yake ikinaswa na mashine au chuma kilichochomoza ni afadhali imtoke kuliko imnyonge. Jaribio lao kuu linafuata fikra hiyohiyo: nyundo ya kilo 5 huangushwa kutoka mita moja juu ya utosi, na nguvu inayopenya hadi kwenye kichwa cha majaribio haipaswi kuzidi kiloniutoni 5. Ubavu wa kichwa hauhusiki na jaribio hilo.

Mpanda miti ni mtu wa namna nyingine. Anapinda, anageuka, anatazama juu kutafuta panda ya kamba na chini kutafuta mahali pa kukanyaga. Vitawi vinamkuna usoni kutwa. Akiteleza, anabembea na kugonga shina kwa bega, kisogo au ubavu wa kichwa. Anayefanana naye zaidi katika vitabu vya viwango ni mpanda milima, na kiwango chake, EN 12492, kimeandikwa kwa mtu anayeweza kuanguka pamoja na helmeti yake. Nyundo ni ya kilo 5 vilevile lakini inaangushwa kutoka mita mbili, na kuna mapigo ya mbele, nyuma na ubavuni kutoka nusu mita. Nguvu inayoruhusiwa kupenya ni kubwa zaidi, kiloniutoni 10, na hilo linafaa kusemwa waziwazi kwa sababu wauzaji hulinyamazia: katika pigo la utosini peke yake, kiwango cha viwandani ni kikali zaidi kuhusu kile kinachoufikia mwili. Tofauti inayokigusa kisa chetu imo kwenye mkanda. Mkanda wa mpanda milima unapovutwa kwa niutoni 500 haupaswi kurefuka kupita milimita 25, na tena kuna jaribio la kuona kama helmeti inaweza kubingirishwa ikatoka kichwani ikiwa imefungwa. Kamba ya kuteremshia iliyoinua ukingo wa kofia yetu ya manjano ilikuwa inafanya jaribio hilohilo.

Hapa ndipo msimamizi aliponipinga, na ninaona pingamizi lake lilikuwa zito kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Alisema, kwa utulivu, “Mwalimu, mimi nimeona kofia ikinaswa kwenye kisiki cha tawi mara nyingi. Huo mkanda usioachia utanyonga kijana wa mtu, na utakuja tena kuandika.” Vijana walitikisa vichwa kumuunga mkono. Mzee hakuwa anatetea mazoea tu. Hofu ya kunyongwa na mkanda ina historia: Ulaya ilibidi kuandika kiwango cha pekee, EN 1080, cha helmeti za watoto wadogo zenye mkanda unaoachia kirahisi, kwa sababu watoto waliopanda vifaa vya michezo wakiwa bado na helmeti za baiskeli walinaswa na kuning'inia kwa mikanda yao. Mtu anayetaka kumjibu mzee huyu hana budi kuanza kwa kukubali kwamba hatari aliyoitaja ipo.

Jibu langu lilikuwa kwamba lazima tutazame ni nani anayebeba uzito wa mwili. Mtoto aliyenaswa kwenye chombo cha michezo hana kingine kinachomshikilia, kwa hiyo uzito wake wote unakwenda kwenye kidevu na shingo. Mpandaji aliyejifunga kwa kamba mbili wakati wa kukata amebebwa na hanesi kiunoni na mapajani. Helmeti ikinaswa kwenye kisiki, kinachovutwa ni kichwa chake, na ana mikono miwili ya kufungulia kishikizo. Hali ya kunyongwa inaweza kumtokea akishuka kwa kasi kwenye kamba huku kichwa kikipita kati ya visiki vilivyoachwa virefu, na hiyo ni sababu ya kukata visiki vifupi na kushuka polepole. Haitoshi kuwa sababu ya kuvaa helmeti inayotoka. Upande wa pili wa mizani pana pigo la ubavuni, ambalo kwa mpandaji si jambo la bahati mbaya iliyo nadra, maana kila kipande kinachoteremshwa kwa kapi lililo karibu na shina kitabembea kuelekea kwenye shina. Kwa aliye juu, basi, mkanda usioachia.

Lakini kwa aliye chini mzee alikuwa na haki, na hapa nilibadilisha pendekezo nililokuwa nimeliandaa. Kijana anayeburuta matawi, anayepita kati ya kamba zilizolegea na zinazokazika, na anayeyalisha matawi kwenye mashine ya kuyasaga, hana hanesi inayombeba. Helmeti yake ikinaswa na tawi linalovutwa na mashine, kuachia ndiko kunakomwokoa, na hatari yake kuu inatoka juu moja kwa moja, kama ile ya mtu wa ujenzi. Anahitaji kofia ya EN 397 yenye mkanda wake wa kuachia, uliopo na uliofungwa, kwa sababu kofia isiyo na mkanda humtoka kila anapoinama kuokota. Kikosi kimoja, chini ya mti mmoja, kinahitaji mikanda ya namna mbili. Zipo helmeti, kama Vertex na Strato za kampuni ya Petzl, ambazo mkanda wake unaweza kuhamishwa kati ya hali ya kushika na hali ya kuachia, na kwa kikosi ambacho watu hupokezana kupanda huo ni ufumbuzi mzuri, mradi kuwe na mtu mmoja mwenye wajibu wa kuangalia mkanda uko katika hali gani kabla mguu haujaacha ardhi. Msimamizi alipendelea njia iliyo rahisi kuonekana kwa macho: rangi ya chungwa kwa anayepanda na nyeupe kwa walio chini, wala zisibadilishwe. Nilikubaliana naye. Rangi inaonekana kutoka chini, ilhali kishikizo cha mkanda hakionekani.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini wasitumie helmeti ya pikipiki, ambayo wote wanayo nyumbani, ina mkanda imara, tena inafunika masikio na kisogo. Swali ni la haki katika mji ambao bodaboda ziko kila kona, na nimewaona wapandaji wakifanya hivyo. Ubaya wake si kwamba ni dhaifu. Ni nzito juu ya shingo inayotazama juu kwa saa nyingi, ukingo wake wa nyuma unagonga mgongo mtu anapoinua uso, joto lake chini ya jua la mchana halivumiliki kwa mtu anayefanya kazi ya misuli, na zaidi ya yote inaziba masikio. Mpandaji na mshika kamba huishi kwa sauti: “shikilia,” “achia,” “ngoja.” Asiyesikia “ngoja” huenda akapata pigo ambalo helmeti yoyote ingelishindwa kulizuia.

Na helmeti yoyote inaweza kushindwa. Hesabu ya kisa hiki ni fupi. Nyundo ya kilo 5 kutoka mita moja hubeba nishati ya karibu jouli 50, na ile ya kutoka mita mbili karibu jouli 100. Kipande cha kilo 30 kikishuka mita moja tu katika kubembea kwake hukusanya karibu jouli 300. Si zote zinazoingia kichwani, kwa sababu pigo lilikuwa la kupita na shingo ilisogea, lakini hakuna aliyewahi kuidhinisha helmeti kwa ajili ya gogo linalobembea. Ndiyo maana sikuweza kuandika kwamba helmeti ya kupanda ingelimponya mpandaji huyu bila jeraha. Ninachoweza kusema ni kwamba, kama ingefungwa vizuri, ingelikuwa kichwani wakati wa pigo, na kwamba gamba na povu gumu la ndani vingelichukua sehemu ya nishati iliyochukuliwa na ngozi na mfupa. Ulinzi wa kwanza ulikuwa mahali pengine: kapi lingeweza kufungwa kwenye tawi lingine lililo mbali na shina, kipande kingeweza kukatwa vipande viwili vyepesi, kamba ya pili ya kuongozea kutoka chini ingeweza kukizuia kisibembee, na mpandaji angeweza kusimama upande wa pili wa shina. Yote manne yaliwezekana asubuhi ile. Kuyaacha na kulaumu plastiki peke yake kungekuwa kumdhulumu msomaji.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi, kwa kuwa haukuhusika na jeraha, ingawa ulikuwemo katika mazungumzo ya ununuzi. Helmeti za kupanda mara nyingi zina matundu ya hewa, nazo hazifai karibu na nyaya. Zipo zisizo na matundu zilizoidhinishwa kwa kiwango cha EN 50365, ambacho katika toleo lake la 2002 kinahusu mitambo isiyozidi volti 1,000 za mkondo geu. Njia ile ya barabarani ilikuwa ya volti 11,000. Kwenye baadhi ya kofia za Marekani mtu ataona daraja E la kiwango cha Z89.1, linalojaribiwa kwa volti 20,000, akadhani ameruhusiwa kukaribia. Jaribio hilo ni la gamba, si la mtu aliyekalia tawi bichi lenye unyevu akiwa ameshika msumeno. Matawi ya upande wa barabara hayakupaswa kuguswa na kikosi hiki hadi Kenya Power izime njia, na kwa bahati njema msimamizi alikuwa amekwisha kuikataa sehemu hiyo ya kazi.

Tulikaa muda mrefu zaidi kwenye uvaaji, nami nilitaka iwe hivyo, kwa sababu helmeti bora iliyovaliwa vibaya ingetoka vilevile. Tulizileta helmeti tatu tofauti, tukawavalisha watu watatu. Kwanza kofia za sufu na kapelo zilivuliwa. Wakati wa baridi kitambaa chembamba cha kubana kinatosha, na kila kinapoongezwa au kuondolewa ukubwa wa ndani unarekebishwa papo hapo. Helmeti inakaa sawa, ukingo wa mbele ukiwa upana wa vidole viwili juu ya nyusi, si kusukumwa nyuma kama wapandaji wengi wanavyofanya ili waone juu, kwa maana ikisukumwa nyuma paji la uso linakuwa wazi na ukingo unakuwa mahali pazuri pa kamba kuingia. Kifundo cha kisogoni kinakazwa hadi helmeti isogee pamoja na ngozi ya kichwa. Mikanda ya pembeni inakutana chini kidogo ya sikio, bila kulikalia sikio, na ule wa kidevu unakazwa kiasi kwamba mtu akifungua kinywa kupiga mwayo anauhisi. Kisha mwenzake anasimama nyuma yake, anaweka viganja chini ya ukingo wa kisogoni na kusukuma juu na mbele kwa nguvu ya kweli. Halafu anakwenda mbele na kusukuma nyuma. Helmeti ikifika kwenye nyusi au ikifunua paji lote, haijavaliwa. Mmoja wa vijana ana rasta nene alizozifunga fundo utosini, na juu ya fundo hilo kila helmeti ilikaa kama sufuria juu ya jiwe moja la jiko. Alipozifunga upya chini, usawa wa shingo, helmeti ileile ilimkaa vizuri. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia hivyo.

Viziba masikio na wavu wa kukinga uso tulivikubali kwa sharti la kuwa vimetengenezwa kwa ajili ya helmeti ileile, kwa sababu vile vya kulazimisha kwa waya na skrubu huliharibu gamba na kuivuta helmeti upande mmoja. Rangi ya mafuta na gundi za stika nazo zina kemikali zinazoweza kuilegeza plastiki bila dalili yoyote ya nje. Maelekezo ya watengenezaji huruhusu stika za aina fulani tu. Jua la Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, huchubua plastiki haraka, na pahali pabaya kupita pote pa kuhifadhia ni juu ya dashibodi ya pikapu, ambapo nilizikuta mbili. Helmeti ya manjano ilikuwa imepauka na kuacha unga mweupe kwenye kidole, dalili inayotosha kuistaafisha hata kama tarehe yake isingesomeka. Watengenezaji hutofautiana kuhusu umri. Petzl, kwa mfano, huweka kikomo cha miaka 10 kwa bidhaa zake za plastiki, na pigo moja kubwa linaweza kuumaliza umri huo siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo niliwakataza kabisa helmeti za mitumba. Pigo lililoipata ikiwa kwa mwenyewe wa kwanza halionekani kila mara, na povu la ndani lililokwisha kuminywa halirudi.

Mwenye kikosi aliuliza kuhusu gharama, kwa kuwa helmeti ya kupanda ina bei mara kadhaa ya kofia ya ujenzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa kwa hatari iliyopo, na inamtaka mfanyakazi avitumie. Neno zito hapo ni “vinavyofaa,” kwa hiyo kofia isiyo na mkanda aliyopewa mpandaji haiwezi kumaliza wajibu huo. Nilimshauri aiweke gharama hiyo kwenye bei anayompa mwenye nyumba na kuieleza waziwazi. Alihofia kushindwa na vikosi vinavyopanda na kapelo. Hofu hiyo ni ya kweli mjini humu, na sina njia ya kuiondoa, ila nilimkumbusha kwamba kikosi chake kilikuwa kimefunga kazi kwa majuma kadhaa baada ya ajali na kwamba hakikuwa na mpandaji mwingine.

Yaliyoamuliwa ni machache. Helmeti mbili za rangi ya chungwa za EN 12492 zisizo na matundu zilinunuliwa, ya pili ikiwa ya mtu atakayekuwa tayari chini na hanesi yake kwa ajili ya uokoaji, jambo ambalo nusu saa ile ya kuning'inia ililidai kuliko lolote. Kofia nyeupe za walio chini zilinunuliwa pamoja na mikanda yake ya kuachia. Helmeti ya manjano ilikatwa vipande viwili kwa msumeno ili asije mtu akaiokota. Jaribio la kusukuma ukingo kwa viganja hufanywa na msimamizi mwenyewe, kwa kila mtu, kila asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa wakati wa kula ndipo vifundo hulegezwa.

Mpandaji aliyejeruhiwa bado anafanya kazi chini. Anataka kurudi juu, na daktari wake hajamruhusu, kwa sababu kichwa kinamuuma anapotazama juu kwa muda na pigo la pili kabla ya ubongo kupona linaweza kuwa na madhara makubwa kuliko la kwanza. Nilipomjaribisha helmeti mpya, kovu lake juu ya sikio la kushoto liliangukia pale pale unapopita mkanda wa ndani, na bila kujua alikuwa akikilegeza kifundo kila dakika chache ili asiumie. Tumekubaliana na msimamizi kwamba ruhusa ya daktari haitatosha peke yake: siku atakayoruhusiwa atapimwa upya, na ikiwa mkanda huo bado unamuuma kiasi cha kuulegeza, itatafutwa helmeti yenye mpangilio mwingine wa ndani kabla hajapanda.